Maji ya Naserian, Baraka ya Resian

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Niko Kitengela kwa binti yangu Naserian, kama mfungwa. Wiki mbili zilizopita nilianguka soko ya ng'ombe Kajiado. Nilianguka kidogo tu, watu ndio waliifanya kubwa. Daktari Munyiva, msichana wa Ukambani, akapima mkojo, akasema mwili umekauka, ninywe glasi nane za maji kila siku. Nikamwambia ng'ombe anakunywa maji, mimi nakunywa maziwa ya ng'ombe, kwa hivyo maji inanifikia. Hakucheka. Aliandika.

Mimi nikiwa kijana nilitoka Rombo na ng'ombe mia moja mpaka Kajiado kwa miguu. Siku tisa, maziwa tu. Nani alinipima mkojo?

Naserian amenunua chupa ya lita mbili. Amechora mistari na kalamu nyeusi. Hapa saa nne, hapa saa saba, hapa saa kumi. Amesema Papa, ukimaliza kila siku mpaka Ijumaa, Jumamosi tunaenda kwa Resian na utambariki. Usipomaliza unabaki hapa, na Katoo atambariki.

Resian ni mjukuu wangu, anaolewa. Kabla hajatoka nyumbani, mzee mkubwa wa familia anamtemea mate kichwani. Bila hiyo, msichana anaenda kwa watu bila baraka. Mzee mkubwa ni mimi. Katoo ni ndugu yangu mdogo, mama tofauti, miguu ya korongo. Hatabariki mtu mimi nikiwa hai.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikunywa mpaka mstari wa saa nne. Choo mara nne. Mzee wa heshima hawezi kuhamia chooni. Iliyobaki nikamwagia sukuma wiki ya Naserian, ile amepanda kwa gunia.

Jirani Wasike akaniona juu ya ua. Ni mwalimu mstaafu kutoka Bungoma, anaishi peke yake. Akasema mzee wangu, hiyo ni maji ya kununua, sukuma imekufanyia nini ikunywe vizuri kuliko mimi? Akasema kwake iko ya kisima tu, chumvi mpaka chai inakataa sukari.

Hapo akili yangu ikaamka. Mimi sikusoma sana, lakini akili niko nayo.

Jumatano, 6 Agosti

Naserian akienda kazi, napitisha chupa juu ya ua. Wasike anakunywa kufuata mistari, saa mkononi, kama anasimamia mtihani. Mimi ananipa chai yake ya rangi. Vikombe vitano. Chumvi yake si mbaya.

Jioni Naserian akaona chupa tupu. Akanishika mkono, akasema asante Papa, sasa najua unataka kuishi. Nilisikia aibu kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 7 Agosti

Wasike amepona kichwa iliyomuuma tangu astaafu. Uso unang'aa kama sufuria mpya. Naserian alikutana naye kwa geti akamuuliza anatumia nini. Akasema ni neema ya Mungu. Mwongo, lakini mwongo mzuri.

Mimi midomo imepasuka. Nimepaka mafuta ya kondoo. Kizunguzungu asubuhi. Ni hii godoro ya Naserian, laini sana.

Katoo akapiga simu. Akasema kaka, unaendelea aje, maana kama hauwezi mimi niko tayari. Nikamwambia mate yangu inaweza kuzima moto wa msitu. Akasema haya kaka, tutauona huo moto.

Ijumaa, 8 Agosti

Chupa ya nne ya ushindi. Naserian amepiga shuka yangu pasi akiimba. Nilienda nyuma ya nyumba kujaribu mate. Ilitoka hewa. Si kitu. Inajiwekea akiba ya kesho.

Jumamosi, 9 Agosti. Kajiado

Wazee walijaa, na wakwe pia. Niliwaambia mimi sijawahi kuomba maji mbele ya watu tangu nitahiriwe. Wakatikisa kichwa kwa heshima.

Resian akaja na shanga zake zote, akainamisha kichwa. Nikavuta mate. Hakuna. Nikavuta tena kutoka mbali. Ulimi ilishikamana na juu ya mdomo kama ngozi iliyowambwa. Nikatema. Ptu. Hewa.

Katoo akauliza pole pole, kaka, mvua imekataa?

Naserian akaleta glasi, akaninong'oneza Papa kunywa, tafadhali. Lakini nilikuwa nimeshasema maneno yangu, na wakwe wananitazama. Nikasukuma ile glasi.

Resian akainua macho. Alidhani nimemkasirikia, nimekataa kumbariki. Machozi ikaanza kushuka. Hiyo sikuipenda. Nikarudi nyuma hatua moja. Katoo akaingia, akatema mara nne, yote ikafika. Resian akacheka na machozi bado iko.

Naserian aliendesha gari mpaka Isinya. Hapo akauliza ni nani alikuwa anakunywa ile maji. Nikamwambia ni mimi, ni upepo ya Kajiado iliikausha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefikiria vizuri. Katoo alitema nyingi sana, msichana alikuwa kama amenyeshewa. Baraka haitakiwi kudondoka kwa shanga.

Naserian amesema Soipan, dada ya Resian, anaolewa Desemba. Hataki maneno yangu tena, hata chupa hataiangalia. Kesho ananipeleka kliniki. Munyiva atapima mkojo. Ikiwa safi, nitambariki Soipan. Ikiwa chafu, ni Katoo.

Hii ni rahisi. Nimeongea na Wasike juu ya ua. Mkojo yake siku hizi ni kama maji ya mvua. Amekubali kuniwekea kwa kichupa cha dawa asubuhi kabla hajakunywa chai. Nimemwambia ajaze mpaka juu, nisionekane mzee dhaifu.