Natafuta Mji Wenye Ukuta Mnene

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeitoboa suti ya Damien. Si kwa kupenda. Polisi wanataka kuja kuiona sefu kabla hawajaniongezea leseni ya bastola, na sefu sharti ifungwe ukutani kwa bolti. Nikaazima drili. Nikatoboa matundu safi, hata mwenyewe nikajipongeza. Kumbe kuta za nyumba hii ya Jeppestown, hapa Johannesburg, nyembamba kama chapati ya hotelini! Upande wa pili ni chumba cha Damien, na pale pale katundika suti yake ya rangi ya ndimu, ile ya harusi, misiba na kwenda benki. Tundu kifuani, tundu begani, na jingine mahali ambapo sitapaandika.

Damien ni mtu wa Bukavu, mlinzi mstaafu kama mimi, ila yeye hujipaka mafuta mpaka kwenye ndevu. Alinijia na suti mikononi kama aliyebeba maiti. Akashuka moja kwa moja kwa Angélique kushitaki. Mzee mzima!

Angélique ndiye mwenye nyumba. Mjane wa Lubumbashi, fundi cherehani, duka lake chini, sisi wapangaji juu. Alipanda ngazi na tepu yake shingoni. Akasema miaka yote ameivumilia hiyo bunduki, sasa basi, itoke nyumbani kwake kabla mwezi haujaisha. Nimemwelewa vizuri sana. Ananifukuza.

Sawa. Mtu mzima hafukuzwi, huhama. Nitatafuta mji mwingine, mji unaojua heshima ya mwenye bastola.

Naweka hapa wazi, atakayeisoma shajara hii nikifa asinidhanie jambazi. Bastola niliinunua kihalali, nilipopata makaratasi ya ukaazi, baada ya ule mwaka 2008 wageni tulipowindwa, nikakimbia Alexandra na ndala moja mguuni. Niliapa sitakimbia tena. Tangu hapo imelia mara moja tu, nikiisafisha, ikaua friji ya bosi wangu. Friji haikuwa na hatia.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda Joubert Park kwa Joël kinyozi kufanya utafiti. Kwa Joël kila mtu kaishi kila mji, hata asiyewahi kuvuka Park Station.

Cape Town: wamesema upepo wake humng'oa mtu kofia na mke. Nyumba nyingi za mbao na mabati. Mbao haishiki sefu. Nimeufuta.

Bloemfontein: kuta za matofali, nene kama mkate wa boflo. Lakini baridi ya mama wa kambo, na Mswahili wa kukusikia ukikohoa hakuna. Nitaongea na sefu?

Polokwane: mji aliousifia Damien, aliyekuja kukata ndevu. Alisifia kuta, alisifia maembe, alisifia mpaka makaburi yake. Adui akikusifia mji, usiende hata kwa kupitia.

Imebaki Durban. Joto, bahari, samaki, misikiti tele, na Shufaa, mtoto wa dada yangu. Nimempigia. Kafurahi mpaka nikaona aibu. Kisha akauliza kama mjomba anakuja na kile kitu chake, maana nyumba ina watoto. Nikamwambia kile kitu nilishaachana nacho zamani, ila ninakuja na friji ndogo ya dawa zangu za sukari. Nzito kidogo. Inapenda kufungwa ukutani.

Sasa siri, na hii hata Joël hajui. Mimi Durban siendi. Nikaloe kwa jasho nifanye nini? Nitatangaza tu kwamba nahama. Watu watashika vichwa. Angélique atasikia kilio cha mji mzima, atapanda ngazi na kunibembeleza, nami nitakataa kidogo, kisha nitakubali kwa masharti. Sharti la kwanza bastola ibaki. La pili, sombe, kile kisamvu cha kwao, kila Jumapili kama kawaida, na lile pande la samaki liongezwe.

Akili niliyonayo, shule ingeniharibu.

Ijumaa, 8 Mei

Nimetangaza baada ya swala, mlangoni, watu wakivaa viatu. Nikaifanya sauti nyembamba. Nikasema ndugu zangu, mzee wenu anahama.

Wamesema mashallah.

Wote! Mmoja kasema Durban itanifaa kwa magoti. Mwingine kauliza kitanda changu namwachia nani. Duni, katibu wa chama chetu watu wa Tanga, mtu anayependa shughuli kuliko chakula chenyewe, kasema mzee kama mimi haondoki hivi hivi kama moshi. Jumapili nitaagwa. Pilau, dua, hotuba.

Nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikamwambia labda nisiende. Akacheka, akasema wazee wana utani.

Hapa pana hatari. Kwetu mtu akishaagwa, akasomewa dua ya safari na kuliwa pilau yake, ni lazima aende. Kuna bwana mmoja wa Muheza aliagwa kwa mbuzi mzima, safari ikavunjika. Mwaka wa ngapi huu, bado watu wakimwona kwenye duka la spaza wanamuuliza, bwana, umerudi lini? Mwenyewe hununua sukari yake mitaa ya mbali.

Angélique habari kaipata. Nilikaa mlangoni nikimsubiri apande. Nilisikia cherehani tu.

Jumapili, 10 Mei

Nimeagwa. Eish.

Shughuli ilikuwa uani kwa Angélique. Pilau ilikuwa nzuri, na hilo ndilo baya. Ingeungua ningesema dua haijatimia. Duni kahutubia mpaka ukoko ukapoa. Kanisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya. Nikajisikia marehemu.

Damien kaja na suti ile ile ya ndimu! Kila tundu kalibandika beji. Beji ya kanisa, beji ya kampuni ya ulinzi, na pale mahali pasipoandikika, ua la kitambaa. Watu wakamsifu kwa mtindo. Akala sahani mbili, akajifuta mdomo, akapanda juu na tepu kukipima chumba changu. Chumba changu kina dirisha la barabarani. Cha kwake kinatazama pipa la taka. Analitamani dirisha langu tangu alipohamia.

Mwisho Angélique kaniletea shati la kitenge, kalishona mwenyewe. Kanipima kwa macho tu, na limenikaa kuliko nguo yoyote niliyowahi kupimiwa. Nikamtania, nikasema watu wa Kongo hushona shati pana ili siku ya njaa mtu alale ndani. Hakucheka. Akanishika mkono mbele za watu.

"Papa Karimu," akasema, "mimi nilisema bunduki ndio itoke. Wewe sikukusema."

Hapo machozi yakamtoka, mama wa watu.

Ningesema neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, nimelishika kwa ulimi. Lakini Duni alishainua mikono, watu wote wanaitikia amina, na nani anakatiza dua? Nami nikaitikia. Amina, kwa sauti kuliko wote.

Jumanne, 12 Mei

Nimeondoka asubuhi. Sefu kwenye kitoroli, bastola ndani ya sefu, mimi ndani ya shati. Watu wamenisindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Damien kapunga mkono dirishani. Dirishani kwangu!

Park Station, foleni ya basi la Durban. Mkaguzi kauliza ndani ya lile sanduku kuna nini. Nikasema friji. Kagonga. Kasema friji haigongi hivyo. Nikafungua, nikatoa leseni, nikamweleza kwa adabu zote. Kijana wa watu kanijibu vizuri tu: leseni haina neno, ila basi lao halipakii bastola, iwe ya raia, iwe ya askari. Niiache nipande, au nibaki nayo.

Nilitazama basi likiondoka. Dereva kapiga honi, nikampungia.

Kurudi Jeppe? Mtu aliyeagwa asubuhi? Nimekokota sefu hadi kwa Joël. Kanipa chumba cha nyuma, pamoja na ndoo za nywele. Nimempigia Shufaa, nikasema safari imeahirishwa, magoti. Kisha simu zikaanza kuingia kutoka Jeppe. Duni kauliza bahari ikoje. Nikamwambia ina chumvi ile ile. Angélique kauliza kama nimekula. Nikasema nguru wa kuchoma. Nilikuwa nakula vetkoek na chai, mkate wao ule wa kukaanga, umepoa.

Ijumaa, 15 Mei

Siku mbaya.

Nilikuwa mbele kwa Joël napasha mifupa kwenye hita. Mlango ukafunguliwa, nikaona ndimu! Damien! Nikarukia kiti cha kunyolea, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Joël, mtu wa akili, kanipaka povu juu ya shuka kuonyesha kazi inaendelea.

Damien kakaa kiti cha jirani. Akaanza kumlalamikia Joël. Kwamba chumba cha yule wa Tanga kina laana. Kwamba taksi zinaanza kupiga honi dirishani kabla jogoo hajaamka. Kwamba upepo unapita kwenye matundu ya yule mchawi, unampuliza masikioni. Nikacheka ndani ya shuka. Kwamba Angélique kila asubuhi anaweka vikombe viwili vya chai, anakumbuka, anarudisha kimoja. Na jana kapika sombe, ingawa si Jumapili, kamgawia paka.

Hapo sikucheka.

Kisha nikahisi kitu kinanigusa kidole cha mguu.

"Mzee," kasema Damien, polepole, "ndala zako ninazijua. Bahari ya Durban iko na joto?"

Nikamjibu kutoka humo humo kwamba ina joto la kutosha.

Nilidhani atacheka mpaka mtaa ujae. Hakucheka. Akasema anataka chumba chake cha pipa, ana usingizi. Akasema niipeleke bastola polisi nirudi nyumbani, naye hatasema neno kwa mtu, kwa sharti nimlipie suti. Nikamwambia beji zimeipendeza. Akafikiri. Akakubali, kumbe mwenyewe alishapenda.

Jumamosi, 16 Mei

Angélique kaja Joubert Park mwenyewe. Damien aliahidi hatasema neno, akasema mengi. Mama hakunigombeza. Kasema tu twende.

Kituoni kwa polisi nikaisalimisha bastola. Askari wa kaunta mama mmoja mnene, kaandika, kapiga mihuri, kaniuliza sababu. Nikasema kuta. Akaandika uzee.

Nikatoka nje. Kiuno upande mmoja chepesi, natembea kama meza iliyopungua mguu. Nikamwambia Angélique, watu wakija tena kama wale wa Alexandra, nitafanya nini? Kasema atafanya alivyofanya mwaka ule, atafunga duka na kuzima taa, na safari hii tutakuwa wengi ndani. Safari hii mimi ndiye niliyemshika mkono. Nimeandika ili nikumbuke kwamba imetokea.

Njiani nimenunua samaki sokoni, niwagawie watu wa Jeppe kama zawadi ya Durban. Duni kamnusa, kasema kweli, samaki wa pwani utamjua tu.

Alhamisi, 21 Mei

Raha. Chumba changu, dirisha langu. Jumapili nilikula sombe na lile pande la samaki liliongezwa bila sharti lolote. Wanaume wa msikitini wananiuliza nimerudi lini, nawaambia Durban ilinishinda kwa utamu.

Lakini sefu tupu inanitazama. Inaniuma roho, chuma kizima kukaa bure. Basi jana kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini nikaiona bunduki ya upepo. Nyeusi, inang'aa, ya kupigia makopo. Mwenyewe kaniapia haitaki leseni, nikainunua. Angélique alisema bunduki. Ya upepo hakuitaja.

Kitu kizuri kinastahili kufungiwa. Ila ule ukuta wa Damien siugusi tena, nimeapa, mimi si mtu wa kurudia kosa. Asubuhi hii nimeihamishia sefu sakafuni, kwenye kona, pahali pa siri. Nikanunua bolti ndefu zaidi, zishike. Drili ikaingia laini kabisa, kama kwenye siagi.

Nasikia cherehani imesimama huko chini. Leo Angélique alikuwa anamalizia shela ya bibi harusi, kaitundika imening'inia kutoka darini.

Anapanda ngazi. Haraka haraka, bila ile tepu yake.

Bloemfontein kwa kweli sikuutazama vizuri. Baridi ni kuvaa tu, na kuta zao, wamesema wote, ni nene.