Karanti ya Wizi

Jumatatu, 16 Oktoba
Vita! Mke wangu Felicja amesema Jumapili ijayo vichaka vyangu vinne vya karanti nyeusi, vile vya vitunda vidogo vichachu, ving'olewe, apande kitunguu saumu cha majira ya baridi. Eti Julai nzima tulichuma kikombe kimoja. Kikombe na kiganja, nilimsahihisha. Nikajilaza kwenye kiti cha turubai, ukungu ukitambaa juu ya kabichi, nikaota matunda makubwa kama cheri yakigusa udongo. Nikaamka na jani puani.

Jumanne, 17 Oktoba
Nimeshinda na orodha ya aina za miche ya karanti. Titania? Mrefu, jina la kimalkia, lakini atanidharau. Tisel? Linasikika kama dawa ya kikohozi. Bona, tunda kubwa na tamu! Nimefumba macho nikaionja. Felicja kasema hizo ni ndoto za Alinacha, na viazi vimeungua.

Jumatano, 18 Oktoba
Jirani yangu mjane, Bi Bogna, alichuma ndoo tatu mwaka huu. Ndoo tatu! Leo amepogoa: matawi yote mazee, meusi, chini! Kisha samadi, toroli zima. Akauliza ng'ambo ya uzio kama zangu ni karanti au pilipili manga. Akanipa mkasi. Nikakataa. Matawi yangu nimeishi nayo miaka kumi na miwili. Nani humkata rafiki kwa sababu amezeeka? Basi akaninyooshea vijiti vya kupanda, bure. Nikakataa pia. Kila mtu hapa anajua mche wa kupewa ukisema asante hunyauka. Wa kuiba ndio hushika. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakununua ua hata moja maishani, na dirisha lake lilikuwa pori.

Ijumaa, 20 Oktoba
Nimefanya! Bi Bogna alikuwa kibandani anakoroga jamu ya plamu, na jamu hiyo ukiacha mwiko dakika moja imeungua. Nikapita chini ya uzio kwa tumbo. Vijiti sita. Suruali ikanasa kwenye waya, kipande kikabaki huko. Moyo ulinidunda kama wa kijana. Nimevipanda kwa kuinamisha, nikalala palepale na kuota ndoo.

Jumamosi, 21 Oktoba
Aibu! Bi Bogna kaleta kipande cha suruali yangu, kimefuliwa na kupigwa pasi. Kasema siku za mwizi ni arobaini, lakini mimi sikumaliza hata moja. Kisha akaungama. Vichaka vyake ni vyangu! Miaka minane iliyopita aliniibia vijiti nikiwa nakoroma kwenye kiti hikihiki. Felicja alicheka mpaka akashika uzio.

“Mkasi na samadi, Bwana Walenty,” kasema Bi Bogna. “Hakuna uchawi.”

Felicja akasema nikipogoa leo, vichaka vitapona, na kitunguu atakipanda kwingine. Nimewaza hadi chai ikapoa. Maskini, hawaoni? Mti ni uleule. Tofauti ni moja tu: vyake ni vya wizi, vyangu nilivinunua dukani, na risiti nilipewa! Mkasi sikuugusa.

Jumapili, 22 Oktoba
Felicja kaving'oa vichaka vyote vinne baada ya misa. Nimelia, sioni haya kuandika. Vimelala kando ya uzio, mizizi juu. Bi Bogna akaja kuviomba, anadhani bado vina uhai. Nikamwambia sitoi ng'o! Akaondoka kanuna.

Nikafungua lango. Nikasogeza vichaka karibu nalo. Nikaketi kwenye kiti changu, nikafumba macho, nikakoroma kwa nguvu, kwa heshima ya wizi ule wa zamani. Punde nikasikia gurudumu la toroli likilia, likija tupu, likirudi zito. Sikufumbua jicho.

Nimefarijika kabisa. Vikistawi kwake, nitaviiba.