Nukta Arobaini na Moja za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo bahati imeingia dukani kwa miguu yake, imefungwa kwenye taulo. GPS ya shemeji! Kitufe cha kuhifadhi kimekwama, kaniletea mimi, fundi wa redio na betri za boti, tena mume wa mdogo wake. Anaihitaji Alhamisi. Nikamwambia kazi ni ngumu ila nitajitahidi. Kabla hajavuka barabara nilikuwa nimeshamaliza. Kigamba cha samaki tu, kimejibana chini ya kitufe.

Ndani mna nukta arobaini na moja, yaani namba za kila mahali anapovua. Huyu ndiye mwanamke anayerudi gatini kila siku kreti zimejaa mpaka vifuniko havifungi. Mimi hurudi na shingo iliyoungua jua. Watu husema ana mkono. Mkono gani? Ana satelaiti.

Jumamosi chama cha wavuvi kinachagua nahodha wa boti mpya. Wagombea wawili: yeye na mimi. Mke wangu kaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia asubiri aone. Nimenakili nukta zote nyuma ya daftari la risiti. Si wizi. Fundi lazima ajue anachotengeneza.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka mapema, nikatoka na kiboti changu. Nukta ya kwanza shemeji ameiita "Kiti". Nikaingiza namba kwenye GPS yangu, nikafuata mshale bila kutazama pembeni. Kifaa kikalia: umefika. Nikatupa nanga, nikatega ndoana, nikajimiminia chai.

Honi ikalia nyuma yangu. Nilikuwa katikati ya njia ya kivuko. Abiria wote walihamia upande mmoja ili wanione vizuri. Mpishi wa kivuko aliniuliza kwa sauti kama nimekuja kupanda au kushuka. Nanga ilichukua muda mrefu sana kupanda.

Chai imemwagikia daftari. Nukta ziko salama.

Jumatano, 5 Machi

Nimeligundua kosa asubuhi nikipiga mswaki. Kifaa cha shemeji kinaandika dakika na vipande vyake vya elfu. Changu kinataka dakika na sekunde. Aliandika 14.350, nami nikaingiza dakika kumi na nne na sekunde thelathini na tano. Kumbe ni ishirini na moja! Sekunde kumi na nne tu, lakini majini ni zaidi ya mita mia nne. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni nikiwaza ni nani mwingine mjini angeweza kugundua jambo kama hili. Sikumpata.

Mchana nikarudi na namba sahihi. Safari hii nilifika Kiti chenyewe. Nikatupa nanga pale pale namba zilipokubali. Saa tatu nzima! Nimepata samaki mmoja mwenye urefu wa ufunguo.

Shemeji akaja na boti yake. Hakupunguza mwendo karibu yangu. Alipita, akaelekea upepo unakotoka, akaenda mbele kama hatua arobaini, ndipo akatupa nanga. Akaiachia kamba taratibu. Upepo ukamrudisha, ukamrudisha, mpaka akasimama mbele yangu kidogo tu. Akashusha ndoana. Kreti ya kwanza ilijaa kabla sijafunga mdomo. Tena hana kifaa! Kifaa chake kiko dukani kwangu. Alikuwa akitazama tangi la maji la mjini na bomba la moshi la kiwanda, basi.

Wakati wa kuondoka akanisogelea.

"Shemeji, kufika umefika," akasema. "Ila umeshukia kituo cha mbele."

Nimelifikiria jambo hilo jioni yote. Nilitupa nanga juu ya mwamba wanakokaa samaki, kisha upepo ukanisukuma hadi mwisho wa kamba. Kwa saa tatu nimewavua samaki wa jirani. Ni aibu, lakini lazima niandike ukweli: ile nanga yake ilikuwa kitu kizuri kukitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemrudishia kifaa chake. Akabonyeza kitufe mara mbili, akanishukuru, kisha akauliza kama nimezipata zote arobaini na moja au nimeishia njiani. Nikatafuta bisibisi chini ya meza kwa muda. Bisibisi ilikuwa mkononi.

Hakukasirika. Hilo ndilo baya zaidi. Alisema namba peke yake hazivui, na kama nataka kujua zinavyotengenezwa nimkute gatini kesho alfajiri. Nikamkumbusha kwamba Jumamosi tunashindana. Akasema anakumbuka.

Mke wangu anasema dada yake yuko hivyo tangu utotoni. Angekuonyesha alipojificha, kisha usimpate.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima majini na shemeji. Naandika haraka nisisahau.

Kwanza, hana pupa. Akiwasha kifaa hukiweka mahali panapoona mbingu yote, halafu anakunywa chai yake. Anasema kimeamka sasa hivi, kipe nafasi kijue kiko wapi. Mimi huwasha changu mfukoni nikiwa nakimbia.

Pili, hahifadhi nukta boti ikiwa imetia nanga. Ameshika uzi wenye chubwi, kile kipande kizito cha risasi, na boti inakwenda polepole. Chubwi likigonga mwamba, hapo hapo anabonyeza. Kisha anazunguka na kuupita mwamba ule ule kutoka upande mwingine. Mara nne. Nukta nne, hazilingani. Anachukua katikati yake. Ndipo anaipa jina.

Nikamuuliza kwa nini ajisumbue hivyo. Akasema mwamba una ukubwa wa sebule yake, na samaki hawakai sebule nzima, wanakaa kwenye kiti. Kumbe! Nimetazama ile nukta siku nne bila kuelewa jina lake.

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Mikono yake haifanyi jambo mara mbili isipokuwa anapohakikisha. Nimekutana na mafundi wengi katika kazi yangu. Huyu ndiye fundi.

Nimeamua kumshinda kwa njia zake mwenyewe, nikiziboresha kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenyekiti wa chama alizamisha ndoo ya saruji mahali pa siri, akampa kila mmoja wetu karatasi yenye namba za mahali hapo. Unakwenda, unaangusha boya lako. Atakayekaribia ndoo zaidi ndiye nahodha.

Uboreshaji wangu: kama nukta nne ni bora kuliko moja, vifaa vitatu ni bora kuliko kimoja. Nilifunga vitatu mbele yangu, vyote kwenye betri moja. Kimoja kikasema nenda kushoto. Cha pili kikasema umepita. Cha tatu kikawa bado kinatafuta mbingu. Nikazunguka. Nilizunguka mara kumi na moja, nasikia, maana watu gatini walikuwa wanahesabu. Kisha vyote vitatu vikazimika pamoja. Betri ilikuwa imechoka. Mimi ndiye ninayewauzia watu betri.

Boya langu: mita sitini na mbili. Boya la shemeji: hatua nne. Mwenyekiti alipima tena kwa sababu hakuamini. Nilipiga makofi kabla ya mtu yeyote. Sikujua nimeanza mpaka mke wangu aliponitazama.

Halafu shemeji akaulizwa anamtaka nani awe msaidizi wake. Akaninyooshea kidole.

"Nataka huyu. Anakosea, lakini kesho yake anajua alikosea wapi."

Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa! Nimetoka peke yangu na kiboti, nikafanya yote kama alivyonifundisha. Nikasubiri mbingu. Nikashusha chubwi. Likagonga! Mwamba ambao haumo katika zile arobaini na moja. Nimeupita mara nne, nikachukua katikati, nikajaza kreti mbili mpaka vifuniko vikakataa. Shemeji aliziona, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Mke wangu anasema dada yake hajawahi kumtikisia mtu kichwa namna ile.

Sasa ni usalama. Mji huu umejaa watu wasio waaminifu, wanaoweza kunakili nukta za mwenzao. Kwa hiyo nimezibadilisha namba zangu kwa siri, kwa kanuni ninayoijua mimi tu, kisha nimezifuta zile za kweli kwenye kifaa. Kanuni yenyewe siiandiki humu, maana mke wangu hulisoma daftari hili. Ni rahisi, haisahauliki: nimeongeza saba kwenye latitudo na kupunguza tatu kwenye longitudo.

Au kinyume chake. Kesho nikiwa majini nitakumbuka.