Hotuba ya Kumzuia Dokta Matumbo Asiondoke

Mheshimiwa mwenyekiti wa sherehe hii, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wanaokaimu nafasi za wasaidizi wao. Wauguzi mliosimama kwa kuwa viti tumekalia sisi. Wagonjwa wetu wapendwa hapo kwenye benchi. Mke wangu, anayezijua hotuba zangu zote na bado amekuja. Na wewe mama yetu, daktari bingwa, ambaye hospitali nzima inakuita Dokta Matumbo. Na kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Leo tunaenzi maisha mazima ya utafiti wa vidonda vya tumbo, ini na utumbo, utafiti ambao Dokta ameufanya kwa kubonyeza matumbo kwa vidole na kuuliza "hapa je? na hapa?", kwa sababu mashine ya kuchungulia tumbo kwa ndani, aliyoanza kuiomba nywele zake zikiwa nyeusi, ilikuwa kwenye mchakato. Wataalamu wa ng'ambo wanazisoma makala zake. Mimi nimesoma majalada yake, nikachoka. (Kicheko.) Sasa anastaafu, hospitali moja ya nchi jirani inamtaka, naye kaniambia waziwazi: "Mheshimiwa, nionyeshe mashine leo, nabaki niwafundishe hawa madaktari wadogo. Nisipoiona, naondoka zangu." Jamani, si tutakwisha? (Minong'ono.)

Ndugu zangu, ofisi yangu haikulala, isipokuwa mchana. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaufanyia tathmini shirikishi, tukaitisha semina elekezi ya wadau wa usagaji chakula, ambapo wadau walisaga chakula kwa asilimia mia na kumi ya lengo (kicheko kirefu), kisha mimi mwenyewe, kwa uzalendo, nikaenda nchi jirani kwa ziara ya mafunzo, nikalazwa kwa vidonda vyangu, nikaimeza ile mashine hadi tumboni, na natamka kitaalamu kwamba inafanya kazi! (Makofi. Dokta hapigi.)

Basi, kwa mamlaka niliyojipa, nazindua Kituo cha Kimkakati cha Utafiti wa Mfumo wa Chakula, kwa jiwe la msingi lile lile ambalo, kwa kubana matumizi, hukaa kwenye buti la gari langu na limeshazindua soko, daraja na choo cha stendi. Dereva, vuta pazia! (Pazia linavutwa. Watu wananyoosha shingo.)

Naam. Hiyo ni picha ya mashine, lakini tazameni, ni ya rangi.

Tumbo salama! (Sauti moja: "Lako!") Utafiti kwanza! (Kikohozi.)

Nawashukuru kwa kushuhudia uzinduzi wa kituo ambacho hakipo, hakijawahi kuwepo, na hakimo kwenye bajeti, kwa kuwa aliyetakiwa kukiombea fedha ni mimi, na siku hiyo nilikuwa nazindua kitu kingine. Dokta, mbona unavua koti la kazi? Mama, ngoja kwanza! Hospitali unayokwenda ndiko ninakotibiwa mimi, na miadi yangu ni Jumatatu. Usiniache, tumbo linaniuma kwelikweli.

(Dokta, akiwa mlangoni, analitazama benchi la wagonjwa: "Wewe utakuja, mheshimiwa, utapanda ndege. Hawa niwaachie nani?")

Nimelipokea, mama. Tutalifanyia kazi.