Baba Mwenye Macho Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha! Darasa la picha za kidijitali, chumba cha juu cha maktaba, Jumatatu na Alhamisi asubuhi, wiki tatu. Asubuhi hizo duka nitalifunga bila majuto. Fundi saa gani ana wateja siku hizi? Watu wanatazama saa kwenye simu, mimi wananiletea rimoti. Lakini fundi saa ana jicho kali na mkono usiotetemeka. Kilichobaki ni kubonyeza tu.

Mwalimu ni binti wa rika la kitindamimba wangu. Amesema picha ina mafiga matatu: uwazi wa lenzi, mwendo wa shata, yaani kasi yake ya kufunguka na kufunga, na wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Ukisogeza moja, chungu kinayumba. Nikamwambia kamera yangu inajipangia yenyewe, mafiga ya nini? Darasa zima likacheka. Nilidhani wanacheka pamoja nami.

Mbele yangu anakaa mfamasia wa duka la dawa la kona. Ana kalamu za rangi tatu, na kila rangi ina kazi yake. Nimemchukia papo hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumepiga picha yai. Yai moja, sahani nyeupe. Yai la mfamasia lilitoka la mviringo, lina kivuli, unatamani kulishika lisianguke. Langu lilitoka kama tundu kwenye sahani. Nikasema nitalirekebisha kwenye kompyuta. Mwalimu akanijibu kwa upole kwamba ingekuwa rahisi zaidi kulisogeza dirishani. Upole wake unauma kuliko matusi.

Mwisho wa darasa kutakuwa na maonyesho. Kila mmoja alete picha ya zamani aliyoifufua. Mfamasia akaandika kwa kalamu nyekundu. Vita vimeanza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa dada, anakoishi na mama. Mama alikuwa amelala. Dada akanitolea kwenye kopo la biskuti picha ya baba, ya pekee tuliyo nayo. Koti lake unaweza kuhesabu vifungo. Nyuma yake mlango wa karakana, hata bawaba inaonekana. Uso ni wingu. Tangu utotoni tunaamini ni unyevu, maana pembe zote za picha zina madoa ya maji.

Baba alifariki nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Dada alikuwa na miaka mitano. Anasema amebaki na kikohozi chake tu, na harufu ya grisi. Akaniuliza, kwa kuwa sasa mimi ni mtaalamu, je, uso unaweza kurudi? Nikamwambia hiyo kazi ndogo.

Ulimi hauna mfupa. Nimepiga picha yai moja tu, tena vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu ameiskani picha na kuikuza mpaka ikawa vumbi la kijivu. Madoa yatatoka, akasema, mikunjo itanyooka, weusi utarudi kuwa mweusi. Uso hapana. "Kompyuta haikumbuki, mzee wangu. Inakisia tu."

Mfamasia naye akageuka kunishauri nisafishe koti, uso niuache ulivyo. Nani kamuuliza? Akauze vidonge.

Alhamisi, 13 Machi

Wazo! Dada husema siku zote kwamba mimi lazima nimefanana na baba, maana mama sikufanana naye hata ukucha. Basi uso haujapotea. Ninautembeza mtaani kila siku!

Leo sikwenda darasani. Nimevaa koti, nimekaa karibu na dirisha, kamera juu ya rafu, inasubiri sekunde kumi kisha inajibonyeza. Picha ya kwanza: goti. Ya pili: mlango. Ya tatu: mtu anayefukuzwa na nyuki. Ya saba ikakubali.

Kwenye kompyuta nikakata uso, nikaubandika juu ya wingu, nikauondolea rangi, nikalainisha kingo kwa brashi. Kisha nikakwama. Baba alifariki na miaka thelathini na mmoja. Mimi nina hamsini na minne. Ikabidi nifute miaka ishirini na mitatu, mkunjo baada ya mkunjo. Nikajirudishia nywele nyeusi.

Miaka ishirini na mitatu nimekuwa mkubwa kuliko baba yangu, wala sikuwahi kuliwaza hilo. Nilipoinua mkono kutoka kwenye kipanya alikuwa ananitazama. Kijana mzuri. Nikataka kumuuliza kama amekula.

Jumapili, 16 Machi

Nimempelekea dada. Alikaa chini kwanza. Kisha akasema, "Ndiye. Ndiye kabisa, mdogo wangu." Akajifuta macho kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo niliufungua. Kilichotoka ni maelezo marefu kuhusu pikseli.

Nakala moja ameiweka chumbani kwake. Mama asioneshwe kwanza, amesema. Tumshtue siku ya maonyesho. Nikakubali. Mfamasia naye ataona!

Jumamosi, 22 Machi

Maonyesho.

Mfamasia alileta picha ya bibi yake, safi kabisa, lakini pembeni kaacha tundu jeupe lililotafunwa na mchwa. Nikacheka kimoyomoyo. Watu walijaa mbele ya yangu. Mwalimu aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.  

Dada akaingia amemshika mama mkono. Mama akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akanigeukia.

"Mwanangu, koti la baba yako umelipata wapi?"

Dada akacheka, akamwambia huyo ni baba mwenyewe. Mama akasema baba anamjua, alilala naye chumba kimoja miaka saba. "Huyu ni huyu hapa, kapaka nywele rangi."

 Nikasema kweli yote, tangu goti mpaka nyuki. Dada akatoka. Nilimkuta kwenye ngazi, ameshika reli kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba wiki nzima amekuwa akimwamkia baba kila asubuhi, hata jambo alilowaficha wote amemwambia. "Kumbe nilikuwa nakuamkia wewe."

 Nilikaa ngazi moja chini yake. Baadaye akanisogezea mkoba wake nimshikie, nikajua hajakata undugu kabisa.

Tuliporudi, mama alikuwa ameomba ile picha ya zamani. Mwalimu aliitoa kwenye bahasha. Mama akaweka kidole juu ya wingu. Hayo si maji, akasema. Maji yaliishia pembeni. Mpigapicha alimkanya baba asitikisike, na baba alikuwa mtu wa kucheka. Akajibana, akajibana, mwisho kicheko kikamponyoka. "Hapa anacheka." Mwalimu akainama kutazama, akasema ni kweli, shata za zamani zilikuwa za polepole, anayetikisika huwa wingu.

Dada akaomba aishike. Miaka yote tulikuwa na kicheko cha baba ndani ya kopo la biskuti, tukiamini kimeoza.

Nikamuuliza mama kama walau nimefanana naye kidogo. Hata chembe, akasema. Baba alikuwa mtu wa sura nzuri. Mimi nimetoka kwa mjomba, kaka yake, yule dereva wa lori aliyefariki kabla sijazaliwa.

Mfamasia hakunicheka. Alinipa kitambaa cha kufutia lenzi. Nimekipokea, lakini sijamsamehe.

Jumatatu, 24 Machi

Picha ya zamani imetundikwa kwa dada, na wingu lake. Yangu nimeifuta kwenye kompyuta, na nakala nimezichana. Nimemwapia dada mbele ya mama kwamba sitamgusa tena baba. Neno ni neno.

Mama alikuwa anamenya viazi. Akasema kwa huzuni kwamba mjomba maskini hakuacha picha hata moja, hata yenye wingu.  Nikamsaidia viazi viwili. Nikaaga.

Duka nimelifunga. Kofia ya dereva nimeazima kwa jirani. Kamera iko rafuni, sekunde kumi. Safari hii hakuna wa kunilaumu: mama mwenyewe kasema tumefanana!