Mama Mazu Apanda Meli, na Mimi Ndiye Mshauri Wake

Jumanne, 9 Mei

Niandike ukweli kwa faida ya wajukuu: katika mji mzima wa Keelung hakuna anayezijua meli za kitalii kunishinda mimi, Khu Thian-lai. Miaka thelathini na moja kibanda changu cha kutengeneza feni na sufuria za umeme kinatazamana na gati. Hakuna meli iliyong'oa nanga bila mimi kuitazama. Manahodha huniinulia mkono. (Mmoja aliinua. Huenda alikuwa anajikuna.)

Kwa hiyo kamati ya hekalu ilipoamua kwamba Mama Mazu, mungu wetu wa kike anayelinda mabaharia, mwaka huu atasherehekea siku yake ya kuzaliwa melini, walijua pa kwenda kuuliza. Hawakuja. Nikaenda mwenyewe.

Tunaondoka keshokutwa. Watu arobaini, siku nne, kwenda Ishigaki, kisiwa cha Japani, na kurudi. Sanamu ndogo ya Mama imepewa chumba chenye dirisha. Sisi tumepewa ukuta. Sawa. Bahari ni yake.

Niliwashauri hivi. Kwanza, mtu asile kitu kabla ya kupanda, tumbo tupu huelea. Pili, chukueni vyumba vya mbele kabisa, mtafika kabla ya wengine. Lo akakohoa. Akasema vyumba vya katikati, ghorofa za chini, ndivyo vinavyotulia, na kwamba tumbo lenye uji kidogo halisumbui. Kamati nzima ikamfuata yeye! Huyu Lo alivua jodari miaka thelathini na hana hadithi hata moja. Alikuwa anafanya nini huko muda wote? Niliwahurumia. Nikachukua chumba cha mbele.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi tunamchagua mtunza chetezo, chombo cha kufukizia ubani wa Mama. Kila mgombea anapiga magoti mbele ya Mama na kurusha vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Mama amekubali, unarusha tena. Vyote kifudifudi, hataki. Vyote chali, anakucheka. Ukikosa mara moja umetoka. Mwenye kukubaliwa mara nyingi zaidi mfululizo anampeleka Mama nyumbani kwake mwaka mzima, na mtaa mzima unakuja mlangoni kwake na vijiti vya ubani.

Nimeomba miaka kumi na tisa. Sijawahi kupita mara mbili. Lo amekuwa mtunza chetezo awamu mbili na hata hakujisifu. Uzembe!

Ila safari hii nina akili. Katibu wa orodha ni mimi. Nimemwandikisha na mke wangu Siok-hun. Nyumba moja, nafasi mbili. Siok-hun akauliza, baba weye, mimi nakwenda kurusha nini tena? Nikamwambia arushe tu, mazito aniachie mimi.

Jioni nilipita duka la zana za uvuvi nikanunua kitu fulani cha rangi ya chungwa. Si jambo la shajara.

Alhamisi, 11 Mei

Wamenishika mlangoni!

Nilikuwa na sufuria ndogo ya umeme kwenye begi, niliyoitengeneza kwa mikono yangu, ya kupikia uji wa Siok-hun asubuhi. Mlinzi akasema kitu chochote chenye waya wa kupasha moto hakipandi. Nikamweleza mimi ni nani. Akasikiliza mpaka mwisho, kijana mwenye adabu kweli, kisha akanipa tiketi ya kuichukulia Jumapili. Nyuma yangu foleni ikaanza. Mzee Kang, mwenyekiti wetu, akapaza sauti: Lai, umekuja kusafiri au kufungua kibanda?

Mama Mazu alipita bila kupekuliwa, amefungwa kitambaa chekundu.

Mchana kulikuwa na zoezi la dharura. Wengi walikwenda huku wanatafuna. Mimi nilisikiliza kila neno na nikauliza maswali sita. Boti za kuokolea ni ngapi. Zinabeba wangapi. Zimejaribiwa lini. Siok-hun alinivuta shati.

Baadaye nikasikia meli inayumba vibaya. Nikashika nguzo. Nikawatangazia waliokuwa karibu wasiogope, hili ni wimbi la kawaida la mlango wa bahari, mimi nimeliona mara nyingi. Nikaikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Lo akanisogelea, akaniambia polepole, ndugu Lai, kamba bado zimefungwa. Hatujaondoka.

Walicheka hao! Mama mmoja akakaa chini kabisa.

Lo akanipa kipande cha tangawizi iliyokaushwa na sukari, akasema nikae sitahani niangalie pale maji yanapokutana na mbingu. Nilikula kwa sababu ya adabu. Nilikula vinne kwa sababu ya adabu.

Chumba cha mbele kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyekimbia. Ila kitanda kizuri.

Ijumaa, 12 Mei

Siku ya kuzaliwa ya Mama. Bahari shwari, bluu, imetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Anayehudumia chumba chetu ni binti wa Kifilipino, Jovelyn. Ananiita Mjomba. Kila siku anakunja taulo kwa umbo la mnyama. Leo tulikuta nyani juu ya kitanda. Nyani huyo alikuwa amevaa kile kitu changu cha rangi ya chungwa, amefungwa vifungo vyote. Siok-hun alicheka mpaka akatoka nje ya chumba. Nikamwambia Jovelyn ni kwa ajili ya mgongo. Akasema, ndiyo Mjomba, migongo ya wengi inaumwa usiku wa kwanza.

Asubuhi tulishuka Ishigaki. Ushauri kwa wenye akili: mezani melini unajipakulia mwenyewe, hakuna anayekuhesabia. Nilitia mikate sita ya mvuke, ile yenye nyama ya nguruwe, ndani ya begi. Kwa nini nikanunue chakula nchi kavu? Forodhani kulikuwa na mbwa mdogo mwenye fulana. Alipita watu thelathini na tisa. Akaja akaketi mbele yangu. Nikadhani amenipenda, nikampapasa.

Nyama haiingii Japani. Nimejaza fomu tatu. Wenzangu walinunua mananasi wakapiga picha. Mimi nilipata dakika arobaini za kisiwa, zote nikatazama saa, kwa sababu meli haimngoji mtu. Hili nililijua tangu zamani.

Lakini kosa lenyewe nililifanya alasiri. Melini hairuhusiwi kuwasha moto, kwa hiyo mbele ya Mama wameweka vijiti vya ubani vya plastiki vyenye vitaa vyekundu. Siku yake ya kuzaliwa, anaonyeshwa taa! Nikawaza: nikimpa moshi wa kweli, kesho atakumbuka nani alimjali. Nikaenda na kijiti kimoja tu, chembamba, nikakiwasha kwenye bafu la chumba cha Mama, mlango nimefunga.

King'ora. Watu wanne wenye vizimamoto. Mzee Kang na taulo kiunoni, ametoka bwawani.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisema angenifuta kwenye orodha papo hapo, na kama ningekuwa mwanawe angenifuta na kwenye ukoo. Miaka kumi na tisa ilipita mbele ya macho yangu. Niliinamisha kichwa. Siok-hun ndiye aliyemwomba. Akasema, Mzee, huyu hana ubaya, ana haraka tu. Mwishowe Mzee akakubali nirushe, lakini niwe wa mwisho.

Wa mwisho! Hajui kwamba amenipa nafasi ya kujua idadi ya kuvunja.

Jumamosi, 13 Mei

Nimegundua siri kubwa.

Asubuhi nilifanya mazoezi chumbani kwa vipande vyangu mwenyewe. Chumba cha mbele kinaposhuka, sakafu inainama kidogo. Ukirusha wakati huo huo, kipande cha kushoto kinajigeuza. Nilikubaliwa mara sita mfululizo! Jovelyn ni shahidi, alikuwa anabadilisha shuka. Alipiga makofi.

Nikaenda mbio kwa Mzee Kang, nikashauri tufanyie shughuli kwenye ukumbi wa mbele, una mandhari. Akasema haya, maana katikati kulikuwa na mashindano ya kuimba. Nilijizuia nisirukeruke.

Lo alikuwa karibu. Akasema alasiri upepo utakuwa umekufa, tena meli hizi zina mapezi chini kama samaki, yanafunguka kuzuia kuyumba. Nikamwambia, kaka, wewe ulijua mashua, hii ni meli.

Saa tisa tulikusanyika. Mama juu ya meza, vitaa vyekundu, mananasi ya Ishigaki, keki ya melini yenye jina lake. Watu wakarusha mmoja mmoja. Wengi walitoka mara ya kwanza au ya pili. Lo akapata nne, akainama, akarudi kukaa kama mtu aliyekwenda kunywa maji.

Akaitwa Siok-hun. Alikuwa amesahau kuvua ndala. Akapiga magoti, akanong'ona kitu, akarusha. Amekubaliwa. Akanong'ona tena. Amekubaliwa. Nikaanza kutabasamu, nafasi ya akiba inafanya kazi! Tatu. Nne. Tano, akampita Lo, na watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Saba. Nane. Mama mmoja analia. Tisa. Ya kumi vikalala kifudifudi vyote.

Tisa! Chetezo kimekuja nyumbani kwetu. Mzee Kang akanigeukia, akasema, haya Lai, imebaki zamu yako, ila kama una akili unashukuru na unakaa.

Kila mtu alikuwa ananitazama. Siok-hun alikuwa ananitazama. Mtu wa kawaida angekaa. Lakini mtunza chetezo ni jina moja tu, na linaandikwa kwenye ubao mwekundu ukutani mwa hekalu. Nikapiga magoti. Nikangoja ukumbi ushuke. Nikangoja sana. Mtu akauliza kama nimelala. Nikarusha.

Vyote chali.

Mama Mazu amenicheka. Na ukumbi mzima ukamsaidia. Nikadai meli imeyumba ghafla. Lo alinyoosha kidole tu kwenye glasi ya chai ya Mzee Kang. Imejaa mpaka ukingoni. Chai imetulia, hata mkunjo mmoja haupo.

Jumapili, 14 Mei

Keelung, mvua kama kawaida. Siok-hun alishuka mbele amembeba Mama kifuani, watu wakimpisha kama bibi harusi. Nyuma nilikuja mimi na mabegi matatu na sufuria yangu, waliyonirudishia imefutwa vizuri.

Mlinzi wa gati alitupa pongezi. Nikamwambia ahsante.

Nilimuuliza Siok-hun alikuwa ananong'ona nini pale mbele ya Mama. Akasema hayo ni ya wanawake wawili.

Jumatano, 17 Mei

Siku tatu mtaa mzima unapanda ngazi zetu. Wanamsalimu Siok-hun kwanza. Mimi nawaonyesha pa kuvulia viatu. Hata hivyo nimechapisha kadi mia mbili: Khu Thian-lai, Nyumba ya Mtunza Chetezo, Mshauri wa Safari za Meli. Neno "Nyumba ya" nimelifanya dogo kidogo.

Wateja nimewaeleza yote. Kwamba kumwandikisha mke ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Kwamba tulipishana na dhoruba nikamtuliza nahodha. Nimemwahidi Mzee Kang kwamba mwakani nitaongoza safari ndefu zaidi, wote vyumba vya mbele, matumbo matupu. Alifunga mlango, kwa upole.

Leo asubuhi Siok-hun amenipa siri yake. Kila aliporusha alimwambia Mama hivi: nitakutunza mwaka mzima, nitakufutia vumbi kila siku, ila na wewe nisaidie, mume wangu alale bila lile jaketi la kuokolea, vifungo vyake vinanichoma mbavu.

Mama amekubali mara tisa.

Basi, kwa kuwa hakuna anayesoma humu, niandike ukweli mmoja mdogo. Nililala nalo kila siku melini. Jana pia nililala nalo. Na sisi tunakaa ghorofa ya tatu.