Tanbihi Hainitoshi

Helsinki, Novemba 1961

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu na uchungu wangu kwa pamoja. Gazeti lako limeandika kwamba Wizara inatunga kitabu cha siasa yetu ya nje tangu vita viishe. Mimi, niliyeitumikia siasa hiyo hadi nikaota kipara, nimetengewa tanbihi, nayo mmeichapa gazetini. Mke wangu Aune ameisoma akauliza, "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa bawabu?" Ndugu Mhariri, nyumbani sina heshima tena. Nadai sura nzima, kwa sababu hizi:

1. Tanbihi yaniita "bwana aliyekaa karibu na mlango" siku ya mazungumzo na wageni wa Moscow. Ni kweli. Wageni walikuwa benchi la juu la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, nje kulikuwa na theluji, nami nikakaa katikati. Leo kukaa hivyo mnakuita kutofungamana na upande wowote, na mnakusifu.

2. Sikutamka neno. Vijana wa Wizara hufundishwa kwamba kimya cha taifa dogo ni silaha. Aliyeanza kunyamaza ni nani? Kwa joto lile hata kasuku angenyamaza.

3. Hapa ndipo penye kiini. Jenerali wao, uchi kama sisi sote, alinitazama akaanza kuuliza jambo. Kirusi sikijui, lakini macho yale niliyaelewa: alitaka kambi ya jeshi pwani kwetu! Nikamwaga kata nzima ya maji juu ya mawe. Mvuke ukafumka, swali likamfia kooni, wageni wakatoka mbio, nami nyuma yao, maana kwetu mwenyeji hatangulii kutoka. Kambi haikutajwa tena. Kata iliyookoa taifa ninayo. Aune huchotea supu.

Wasalimie wapiga chapa wote, hata huyo aliyepanga herufi za tanbihi.

Wako katika kusubiri,
Ilmari Vuorenheimo
Balozi Mstaafu

Nyongeza: Mkalimani wetu wa siku ile, Tauno, amepita kunywa kahawa. Nimemsomea barua hii kwa sauti ya kishujaa, naye akacheka hadi mkate wa iliki ukampalia. "Mzee, acha bwana! Kambi gani? Jenerali aliuliza, 'Huyu wa mlangoni mbona kabadilika rangi? Mtoeni, asije akatufia!'"

Aune bado anacheka jikoni. Basi, tanbihi inatosha. Ila tafadhali, baada ya "karibu na mlango", ongezeni: hakutangulia kutoka.